Kilio cha Mama wa Mwalimu Sawada

Nilimchukia mwalimu Sawada tangu siku alipomfungia mtoto wangu mlango, na sioni sababu ya kuficha. Watu wa mtaa wetu wa Shari wanasema mimi, Domitille, nina moyo mgumu. Wacha waseme. Wao hawajakaa mbele ya simu na mtoto wa miaka tisa aliyevaa nguo ya kanisani, nywele zimesukwa upya, daftari limefunguliwa, halafu kioo cha simu kikaandika kwamba somo limeanza na mlango umefungwa. Tulikuwa tumechelewa dakika mbili. Dakika mbili, katika Bunia hii, ambapo hata bwana harusi anafika kanisani saa nzima baada ya bibi harusi na hakuna anayemuuliza!

Somo lenyewe ni la Kijapani. Ndiyo, Kijapani. Chama kimoja cha walimu wastaafu huko Japani kilikuwa kinatafuta watoto wa kufundisha bure kwa simu, uso kwa uso, kila Jumatano na Jumamosi saa nne asubuhi. Padre mmoja akapeleka majina kumi na mawili ya watoto wa hapa mjini, na Jemima wangu akawa wa kumi na mbili. Nilikubali kwa kuwa ilikuwa bure, na asubuhi mtoto yuko nyumbani, maana shule yake ni ya mchana. Baba yake sikumuuliza. Baba yake yuko Niania anachimba dhahabu, na anatukumbuka kama mtu anavyokumbuka mwavuli, mvua ikishaanza kumnyeshea.

Nilidhani ataacha baada ya wiki mbili. Jemima hakuwa mtoto wa kung'ara shuleni. Amerudia mwaka wa tatu mara mbili. Mwalimu wake wa mchana alimwita kichwa cha jiwe mbele yangu, nami nikanyamaza kwa sababu niliogopa kwamba ni kweli. Ukimpa neno la Kifaransa alisome, analitazama kama mtu aliyefika kwenye barabara ya matope, anatafuta pa kuweka mguu, hapaoni, anaanza kulia. Simlaumu sana. Kifaransa kinaandika herufi sita na hakuna hata moja inayotamkwa kama ilivyoandikwa. Lakini Kijapani cha watoto kina alama moja kwa sauti moja. Ka ni ka, ki ni ki, leo na kesho. Mwezi wa pili wa somo Jemima alisoma mstari mzima bila kusimama, na mwalimu Sawada akapiga makofi mbele ya watoto wote, akasema kwa Kifaransa chake kigumu kwamba Jemima ni wa kwanza.

Wa kwanza! Mtoto wangu, kichwa cha jiwe. Siku ile alifagia ua bila kutumwa, akitembea kama mtu aliyevaa viatu vipya. Tangu hapo sikuogopa kitu duniani kama kupoteza kiti chake kwenye somo lile.

Na kiti kilikuwa kinaning'inia. Sheria ya mwalimu Sawada ilikuwa moja: mtoto akikosa mara tatu, nafasi yake inapewa mwingine. Habari ya sababu hakutaka kuisikia. Jemima alikuwa amekosa mara mbili. Mara ya kwanza ni ile ya dakika mbili, mtandao ulituchelewesha. Mara ya pili nilisema pia ni mtandao.

Mwalimu mwenyewe ni mwanamke wa miaka sitini na kitu, nywele nyeupe amezikata fupi kama mvulana, miwani imefungwa kamba shingoni. Kifaransa chake ni cha kusoma kwenye karatasi. Anaandika tangazo lake, analisoma pole pole neno kwa neno, na ukimjibu haelewi hata nusu. Halafu anataka watoto wamtazame usoni. Kwetu mtoto anayemkazia mtu mzima macho hana adabu, lakini kwake yule anayeinamisha macho ndiye asiyesikiliza. Kwa hiyo nilikuwa nakaa nyuma ya cherehani yangu, pale ambapo simu hainioni, nikiwa na rula ndefu ya kupimia nguo, na Jemima akiinamisha macho nilimgusa nayo mbavuni. Siku moja mwalimu alisikia sauti yangu nikifoka, akauliza ni nani. Jemima akajibu: mama. Nikainama nyuma ya cherehani kama mwizi wa kuku.

Aliyekuwa anakingojea kiti hicho namjua vizuri, maana kati yangu naye kuna uzio wa miti tu. Ni mtoto wa jirani yangu Huguette, anaitwa Davy. Jina lake lilikuwa la kwanza kwenye orodha ya wanaosubiri. Watoto wa orodha waliruhusiwa kuingia na kusikiliza, bila kusema. Jemima alipokosa mara ya pili, Huguette alisogea kwenye uzio, ametabasamu mpaka masikioni.

— Mama Jemima, nasikia kama iko kiti itabakia wazi. Njo kweli ama uongo?

— Itabakia wazi siku ya kufa yako, nikamjibu.

Nisidhaniwe kwamba nilimchukia kwa hilo tu. Tuligombana kwanza kwa ajili ya mfereji wa mvua, lakini mfereji ni mfereji. Mama yangu alipofariki Mahagi, tulikaa kilio siku tatu hapa Shari, na Huguette hakukanyaga. Kwetu hata adui anakuja kwenye kilio. Anakuja, anakaa chini kwenye mkeka, halii kama hataki, lakini anakaa. Asiyekuja anajiandikia mwenyewe jina la mchawi. Jirani wa uzio mmoja hakuja, na mimi sisahau.

Basi Jumamosi moja mwalimu Sawada alitokea kwenye kioo amevaa nguo nyeusi. Aliinamisha kichwa, watoto nao wakainamisha kama alivyowafundisha, halafu akachukua karatasi akasoma. Mama yake alikuwa amefariki siku ya Jumatatu. Walikuwa wamemzika jana. Anaomba radhi kama leo sauti yake si nzuri. Jumatano somo litaendelea kama kawaida, saa nne. Kisha akaweka karatasi chini na kuanza kuwauliza watoto majina ya rangi.

Nilibaki na uzi mkononi. Mtu amezika mama yake jana, leo anauliza rangi! Kwetu mfiwa haoshi hata kikombe. Watu wanamletea kuni, maharagwe, sukari, wanamkalisha chini, na akijaribu kusimama wanamvuta nguo akae. Nilijiambia kwamba mwanamke huyu hana watu, au hana moyo.

Lakini baada ya mshangao lilikuja jambo lingine, na niliseme kama lilivyokuwa: nilifurahi. Siku tatu nilikuwa nakosa usingizi kwa ajili ya Jumatano hiyo hiyo. Kwaya ya wamama wa Iga Barrière, kijiji kilicho nje ya mji, ilinipa kazi ya kushona sare ishirini na mbili za sikukuu yao, na nilikuwa nimeahidi kufika Jumatano asubuhi niwavalishe, niwapime, nikunje mapindo hapo hapo. Nyumba yetu ina simu moja. Bila simu ya kuwaita, nikifika Iga nitamkuta kila mmoja shambani kwake. Na mara ile ya pili Jemima alipokosa somo, haikuwa mtandao. Ilikuwa Iga pia. Nilichukua simu nikaenda zangu, nikarudi nikamwambia mtoto aseme ni mtandao.

Sasa mama wa mwalimu alikuwa amekufa, na kilio kimenipa mlango wa kutokea. Watoto wote wakikosa, atamfukuza nani? Jioni ile ile nilituma ujumbe wa sauti kwenye kikundi cha simu cha wazazi wa watoto hao, nikaipunguza sauti yangu kama mtu anayesoma somo kanisani.

— Bazazi bote, poleni na kazi. Mwalimu amefiwa na mama yake. Siye tunajua, mutu wa kilio hapana kumufanyisha kazi. Anasema mercredi iko leçon, lakini ile ni haya tu njo inamusemesha. Sasa batoto betu baingie na makaye na kalamu, baimbe a, i, u, e, o mbele ya mutu ametoka kuzika? Mungu atatuuliza. Mercredi mutoto hata moja asiingie. Tumuache alie.

Amina zikamiminika. Mama Ornella, ambaye binti yake ni wa pili baada ya Jemima, alisema nimenena kama mtu mzima. Mwingine akasema wazazi wenye heshima namna hiyo wameisha duniani. Nilisikiliza sifa zangu mara mbili. Huguette naye alikuwa kwenye kikundi. Alisikia, hakujibu kitu.

Jumatano asubuhi, pikipiki ikiwa tayari inangoja njiani, Jemima alishika mkono wa mfuko wangu.

— Mama, uniachie telefone. Niingie kidogo tu nimuambie pole.

— Telefone inaenda Iga.

— Lakini ku kilio batu banaendaka, mama. Habaikale ku nyumba.

— Jemima, funga kinywa. Weye unataka kupoteza kiti? Mungu ametusaidia. Ule mama ya mwalimu amekufa wakati muzuri.

Nilisema hivyo. Nilikuwa nahesabu sare, nilikuwa na haraka, nilikuwa na pini mdomoni. Mtoto aliachia mfuko, akarudi nyuma hatua moja, akanitazama usoni. Nikamwambia ainamishe macho, nikaondoka.

Iga ilikwenda vizuri. Saa nne ilinikuta nimepiga magoti mbele ya mama mmoja mnene wa sauti ya pili, napima pindo, na wenzake wanacheka kwamba nimempunguzia kiuno. Sikufikiria Japani hata kidogo.

Niliporudi Jemima alikuwa amekaa chini karibu na uzio, hajavaa sare ya shule ingawa mchana ulikuwa umeshapita. Nilimuuliza kwa nini hakwenda shule.

— Mama Davy aliingia, akasema.

— Aliingia wapi?

— Ku kilio ya mwalimu.

Akanieleza. Huguette alikuwa ametandika mkeka barazani mwake, ameegemeza simu kwenye bidoni ya maji, amevua kitambaa cha kichwa, amejifunga kitenge cheusi. Akakaa chini na Davy pembeni yake. Mwalimu aliuliza kitu, wao hawakujibu. Akauliza tena, Huguette akatikisa kichwa na kuweka mkono shavuni. Saa nzima walikaa hivyo. Mwishoni Huguette akaimba wimbo wa wafu, ule wa kanisani tunaouimba tukishusha jeneza.

— Mwalimu alilia, mama. Alitoa miwani, akalia sana.

— Na weye uliona wapi?

— Nilisimama nyuma ya uzio.

— Mbona hukuingia kwao basi, mwalimu akuone?

— Ulinikataza.

Nilisimama. Nilikwenda kwenye uzio, nikaita jina lake tupu, bila mama, bila dada, kama mtu anavyomwita mbwa.

— Huguette!

Alitoka anafuta mikono kwenye kitenge.

— Nani anaita Huguette hapa? Mi ni Mama Davy.

— Weye ni nyoka. Batu bote tulisikilizana, weye ukapita nyuma yetu. Ulienda kumutafutia mutoto yako kiti mu kilio ya mutu!

— Mi sikusema ndiyo ku ile groupe. Ni weye njo ulisema.

— Kilio ya mama yangu hukukanyaga. Ya Mujapani njo umeweza?

Hapo alicheka, lakini si kicheko cha furaha.

— Nilikuja, Domitille. Nilikuja na kuni ku kichwa, siku ya kwanza asubuhi. Ulikuwa ku mulango. Uliniona na macho yako yote mbili, ukageuka, ukamuambia mutu afunge. Nilirudisha kuni yangu, nikapikia batoto.

Nakumbuka mlango. Nakumbuka na kuni. Kumwambia mtu afunge, hilo silikumbuki.

— Muongo weye!

— Njia ya muongo iko mufupi. Weye leo ulikuwa wapi? Ulikuwa unaikala kilio? Ku Iga?

Nilichukua beseni la maji ya kufulia, nikayamwaga yote juu ya uzio. Yalimpata kifuani. Hakunifukuza, hakunitukana. Alijipangusa uso, akaingia ndani.

Jumamosi tuliingia mapema, dakika kumi kabla. Nilikaa nyuma ya cherehani na rula yangu. Vichwa vya watoto vilitokea kimoja kimoja kwenye kioo, na nyuma ya kila mtoto niliona bega la mama au kitenge cha bibi, maana wazazi wote walitaka kujua mwalimu atasemaje. Davy naye alikuwepo, kwenye kona.

Mwalimu Sawada alisalimu, akachukua karatasi. Alisoma pole pole kuliko siku zote. Jumatano alisubiri. Alidhani mtandao wa Bunia umekatika, lakini mtoto mmoja wa orodha aliingia pamoja na mama yake. Walikaa chini bila kusema. Mwanzoni hakuelewa, alidhani wana hasira naye. Baadaye alielewa. Tangu mama yake afariki, hakuna mtu mwingine aliyekuwa amekaa naye saa nzima. Anamshukuru mama yule. Halafu akageuza karatasi. Watoto waliokosa Jumatano wameandikiwa mara moja. Kwa Jemima ni mara ya tatu. Anasikitika. Sheria ni sheria, nafasi ya Jemima itachukuliwa na Davy.

Jemima hakulia. Alifunga daftari lake taratibu, akaweka kalamu juu yake. Hilo sikuweza kulivumilia. Niliruka kutoka nyuma ya cherehani, nikaegemea juu ya bega lake, na uso wangu ukajaa kwenye kioo kwa mara ya kwanza. Nilianza kwa Kifaransa. Nilisema mila, nilisema heshima, nilisema kwetu mtu aliyefiwa hafanyi kazi. Mwalimu aliinamisha sikio, akakunja uso, akatikisa kichwa. Haelewi.

— Jemima, mutafsirie, nikasema. Muambie tulikosa juu ya heshima. Muambie mama yako amemulilia sana mama yake. Sema!

Jemima aliinua macho. Sikuhitaji kumgusa kwa rula. Aliyainua mwenyewe, akamtazama mwalimu usoni, na akasema sentensi mbili. Zilikuwa fupi. Mimi Kijapani sikijui, lakini nilishika maneno matatu: mama, Iga, na sensei, ndivyo wanavyomwita mwalimu.

Nilikuwa sijamwambia aseme Iga.

Pale kwenye kioo watoto wengine kumi na mmoja walikuwa wamesoma Kijapani kimoja na mtoto wangu, na hapo ndipo nilipolikumbuka jambo hilo. Sauti ya Ornella ilipasuka simuni.

— Mama! Mama! Jemima anasema mama yake alienda Iga! Anasema mama yake hapendi mwalimu!

— Iga? akasema Mama Ornella nyuma yake. Alienda Iga kuuzisha nguo, siye akatubakisha ku nyumba na batoto?

Mficha maradhi, kilio humfichua. Mimi nilifichuliwa na kilio cha mwanamke ambaye hata jina lake sikuwahi kuliuliza. Sauti zikaanza kutoka kila dirisha, mama huyu, bibi yule, mmoja akaniita mla maiti. Nilitaka kumpiga Jemima, na wakati huo huo nilitaka kujificha nyuma yake.

Mwalimu Sawada aliinua kiganja. Kila mtu akanyamaza, hata wamama. Akavua miwani, akamtazama Jemima muda mrefu, halafu akaanza kusema naye kwa Kijapani, maneno machache machache, kama mtu anayemlisha mtoto uji kwa kijiko. Jemima akajibu hai, ndiyo yao. Mwalimu akaendelea, akaonyesha kitu kwa mkono, labda mlango, labda daftari, mimi sijui. Jemima akajibu hai tena, na mara ya tatu hai.

— Amesema nini? nikauliza.

Hakugeuka kunitazama.

— Kiti yangu imebakia. Amesema si mi njo nilikosa.

— Aksanti Mungu! Aksanti, mwanangu.

— Na weye utoke mu chumba. Leo, na kila leçon.

— Nitoke? Mu nyumba yangu? Njo mwalimu amesema vile?

Jemima alifungua daftari, akatafuta ukurasa, akaulainisha kwa kiganja.

— Toka, mama. Saa inapita.

Hakuna mtu aliyewahi kusema nami hivyo, hata baba yake. Nilimtazama kisogo chake, mistari ya nywele niliyomsuka mwenyewe usiku wa kuamkia siku ile, na nikangoja ageuke. Hakugeuka. Nikaweka rula juu ya cherehani, nikatoka.

Davy alipewa kiti cha kumi na tatu wiki iliyofuata, na Huguette alipiga vigelegele vilivyofika mpaka barabara kubwa. Kwenye kikundi cha wazazi nikituma salamu hakuna anayeitika. Simu sasa inabaki nyumbani kila Jumatano na Jumamosi, na nikiwa na kazi ya Iga ninaipeleka siku nyingine. Saa nne kasoro dakika tano ninabeba kiti changu, ninakwenda kukaa jikoni, mlango unafungwa nyuma yangu kutoka ndani.

Mpaka leo sijui aliyenifukuza ni nani, mwalimu au mtoto wangu. Kumwuliza Jemima nimeuliza mara moja, akasema ameshanieleza. Ningeweza kumwuliza Davy, alisikia yote, lakini kumfikia Davy lazima nimsalimu mama yake. Kwa hiyo ninakaa jikoni na mapindo yangu. Kupitia ukutani namsikia Jemima anasoma kwa sauti, anacheka, anasimulia jambo refu kwa yule mwanamke, na katikati ya maneno yale kuna moja ninalolielewa, mama, na sijui anamwambia nini juu yangu.